Ayala anajuaje mwezi wa kuzaa?

Mwezi huu tunaongea habari ya mnyama ambaye wengi wetu tumemsikia kanisani tu: ayala, yule wa Zaburi ya 42 mwenye kiu ya maji. Wengine humwita kulungu, lakini kulungu wa mapori yetu ni wa ukoo mwingine, pembe zake hazidondoki. Ayala dume hudondosha zake kila mwaka na kuotesha mpya. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 39, Ayubu anaulizwa kama anajua wakati wanyama wa porini wanapozaa na kama anaweza kuhesabu miezi ya mimba yao. Basi siku hizi kuna watu wamehesabu.

Wamehesabu hasa huko Rum, kisiwa kidogo cha Skotlandi. Tangu 1972 watafiti wanawafuata ayala wekundu wa upande wa kaskazini wa kisiwa, kila mmoja anajulikana, na ndama akizaliwa wanajitahidi kumkamata, wanampima uzito na kumwekea alama. Mwezi wa kumi madume wananguruma na kupigania majike. Mimba inachukua karibu miezi minane, kwa hiyo ndama wengi wanazaliwa mwishoni mwa mwezi wa tano na mwezi wa sita.

Kwa nini miezi hiyo? Akina mama mtatuelewa haraka. Mimba inakula mwili wa mama, lakini kunyonyesha kunakula zaidi. Ayala anazaa majani mabichi yakiwa yameanza kujaa baada ya baridi kali, ili maziwa yatoke. Ndama aliyechelewa kuzaliwa anafika kwenye baridi akiwa bado mdogo, hana mafuta mwilini, na wengi wa namna hiyo wanakufa kabla majani hayajarudi. Tena jike aliyelea ndama mpaka baridi anaingia msimu mpya amekonda. Mara nyingi anachelewa kushika mimba, ama mwaka huo hazai kabisa. Mwili wenyewe unampumzisha, hakuna kliniki wala kadi ya uzazi!

Sasa, mwezi wa kumi jike atajuaje kwamba miezi minane mbele kutakuwa na majani? Anasoma urefu wa usiku. Hapa kwetu usiku na mchana karibu vinalingana mwaka mzima, ndiyo maana mbuzi wetu wanaweza kubeba mimba mwezi wowote, chakula kikiwepo. Lakini Rum siku ndefu ya mwezi wa sita ina mwanga zaidi ya saa 17, na ile fupi ya mwezi wa kumi na mbili haifiki saa 7. (Ndugu zetu waliohamishiwa nchi za baridi wanatuambia kwenye simu kwamba watoto wanatoka shule giza limeshaingia. Si uongo.) Usiku unaporefuka, ubongo wa ayala unatoa kwa muda mrefu zaidi kichocheo kiitwacho melatonini, na hicho ndicho kinaamsha uzazi. Joto hudanganya, linapanda na kushuka, ila usiku hurefuka vilevile kila mwaka.

Shida ni kwamba dunia inapata joto na majani yanatangulia. Kule Rum, katika miaka 28 kufikia 2007, mambo ya uzazi ya ayala, kuanzia kunguruma kwa madume hadi siku ya kuzaa, yalisogea mbele kati ya siku 5 na 12. Majike walikuwa wanapata malisho mapema, wananenepa mapema, wanashika mimba mapema. Kumbe hesabu ya usiku ina nafasi kidogo ya kusogea, mama akiwa ameshiba.

Sio wote wenye nafasi hiyo. Yuko ayala mdogo wa misitu ya Ulaya, Wafaransa wanamwita chevreuil. Yeye anapandwa mwezi wa saba na wa nane, lakini yai lililotungwa linakaa tumboni karibu miezi mitano bila kukua. Linaamka mwishoni mwa mwaka, na mtoto anazaliwa mwezi wa tano. Watafiti waliwafuata wale wa msitu wa Trois-Fontaines, jimbo la Champagne, toka 1985 mpaka 2011. Kwa kuangalia mizabibu ya eneo hilo inachanua lini, waliona majira ya majani mabichi yanazidi kuwahi. Siku ya kuzaa haikusogea. Watoto wakawa wanazaliwa majani laini yakiwa yameshapita, mama anakula yaliyokomaa, na waliokufa wakiwa wachanga wakazidi kuongezeka.