STABILAIZA YA NYUMA KWA PIKAPU: NAMNA YA KUIFUNGA NYUMBANI NA MIPAKA YA KAZI YAKE

Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho na Mufindi, na wale wa miwa ya Kilombero na Kakira, wanaijua vizuri pikapu. Ndiyo inayobeba mbolea, ndiyo inayopeleka maziwa na ndizi sokoni, ndiyo inayomkimbiza mgonjwa zahanati usiku wa manane. Wako pia wafanyakazi waliojiwekea akiba kidogo kidogo, wengine peke yao na wengine kwa njia ya vyama vya ushirika, wakanunua pikapu kuukuu ili wapate nyongeza juu ya mshahara.

Malalamiko ya wenye magari hayo yanafanana. Ikiwa tupu, pikapu inakwenda vizuri. Ikishapakiwa na kufika kwenye kona, bodi inalala upande, na dereva anahisi kama gari linataka kumtoka mikononi. Dawa inayouzwa katika maduka ya vipuri ni chuma ambacho mafundi hukiita stabilaiza. Pikapu nyingi zenye springi za mabamba nyuma zilitoka kiwandani zikiwa na stabilaiza ya mbele tu. Ya nyuma hununuliwa baadaye.

Kazi ya kukifunga chuma hiki si ngumu. Mtu mwenye spana nzuri na subira anaweza kuimaliza nyumbani kwa nusu siku. Lakini ni lazima ajue mambo mawili: namna ya kukifunga bila kuhatarisha maisha yake, na yale ambayo chuma hiki hakiwezi kufanya hata kikifungwa vyema.

KAZI YA CHUMA HIKI

Stabilaiza si chombo kipya. Hataza ya kwanza ya chuma cha namna hii ilitolewa tarehe 22 Aprili 1919 kwa Stephen Coleman, mvumbuzi wa Fredericton, nchini Kanada. Ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa mfano wa herufi U. Sehemu ya kati hushikwa na bushi mbili, na ncha zake mbili huunganishwa kwa viungo vifupi. Kwa pikapu nyingi, sehemu ya kati hufungwa kwenye ekseli na viungo hufungwa kwenye chasisi.

Magurudumu mawili ya nyuma yakipanda tuta kwa pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake na haifanyi kazi yoyote. Lakini gari likikata kona kwenda kulia, bodi hulalia kushoto: springi ya kushoto inabanwa na ya kulia inanyooka. Hapo ndipo fimbo inaposokotwa kama kamba. Kwa kuwa chuma hakipendi kusokotwa, kinavuta kurudi kilivyokuwa, na bodi inapunguza kulala.

Unene wa fimbo una maana kubwa. Ugumu wa fimbo iliyojaa hukua kwa kipeo cha nne cha unene wake. Kwa mfano, fimbo ya milimita 22 ni ngumu kuliko ya milimita 20 kwa karibu nusu nzima, na ya milimita 25 ni ngumu zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo usivutwe na muuzaji anayesifu fimbo nene kuliko zote dukani. Chagua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya aina na mwaka wa gari lako.

KABLA YA KUTOA PESA

Mara nyingi gari hulala upande kwa sababu ya ugonjwa ambao stabilaiza haitautibu. Kagua kwanza mambo haya:

Tazama mabamba ya springi, moja baada ya jingine. Bamba likiwa limevunjika, upande huo utazama. Kagua bushi za springi na pini zake. Tazama shokomzoba: ikiwa inavuja mafuta, au ukibonyeza bodi kwa nguvu na kuiachia inaendelea kuchezacheza, imekufa. Pima upepo wa matairi. Tikisa magurudumu kuona kama bearingi zimelegea.

Ukikuta kasoro yoyote kati ya hizo, pesa za stabilaiza zitumie kwanza huko. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

VIFAA

Hakikisha umepata fimbo yenyewe, bushi mbili, vishikio vyake viwili, viungo viwili, breketi za chasisi, yubolti, washa, na nati zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtikisiko. Dai karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, kwa sababu ndiyo yenye vipimo vya kukazia nati. Kwa upande wako, tayarisha spana za saizi zinazofaa, spana yenye kipimo cha nguvu (hata kwa kuazima), brashi ya waya, futi kamba, rangi, na grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya bearingi usiitumie kwenye bushi za mpira, maana mafuta yake hula mpira.

HATUA ZA KAZI

1. Simamisha gari likiwa tupu, mahali pagumu na tambarare. Tia gia ya kwanza, vuta breki ya mkono, na weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Kama nafasi ya kuingia chini inatosha, usilinyanyue kabisa. Kama haitoshi, nyanyua kwa jeki chini ya difu, kisha weka stendi mbili imara chini ya ekseli, si chini ya chasisi, ili springi zibaki zimebeba uzito wake kama kawaida.

Hapa hatuna mzaha, ndugu msomaji. Jeki ni ya kunyanyulia tu, si ya kulalia chini yake. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa ishara, na jiwe huteleza. Kama huna stendi wala huwezi kuazima, nenda gereji yenye shimo. Vilevile usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu karibu anayeweza kukusikia.

2. Safisha ekseli kwa brashi ya waya mahali bushi zitakapokaa. Kutu na matope yakibaki chini ya kishikio, nati italegea baada ya siku chache.

3. Kabla ya kufunga chochote, shika fimbo mahali pake na utazame. Je, inapita difu bila kugusa? Iko mbali na ekzosi, gurudumu la akiba na waya wa breki ya mkono? Magari mengine yana valvu ya breki inayosoma mzigo, yenye mkono mdogo kutoka ekseli hadi chasisi. Mkono huo usiguswe wala kupindwa. Zaidi ya yote, tazama mabomba ya breki yanayopita juu ya ekseli. Yubolti ikilibana bomba hilo, umeondoa kulala kwa bodi ukanunua kukosa breki.

4. Paka bushi grisi ya silikoni kwa ndani, zivishe kwenye fimbo, kisha funga vishikio na yubolti kwa mkono tu. Pima kwa futi kamba kutoka ncha ya fimbo hadi kwenye gurudumu, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fimbo iko katikati.

5. Funga breketi kwenye chasisi. Tumia matundu yaliyopo ikiwa mtengenezaji ameyaelekeza. Kama ni lazima kutoboa, toboa ubavuni mwa chasisi pale tu karatasi inapoonyesha. Usitoboe ukingo wa juu wala wa chini, kwani huko ndiko kwenye nguvu yake. Tundu lisuguliwe kingo zake na lipakwe rangi. Usichomelee kitu chochote kwenye fimbo: moto huondoa ukali wa chuma cha springi, nacho kitakatika njiani.

6. Unganisha viungo. Gari likiwa limebeba uzito wake, viungo vinatakiwa visimame wima na mikono ya fimbo ilale karibu sawa na ardhi. Urefu wa viungo vyote viwili uwe mmoja. Ukilazimika kuivuta fimbo kwa mtaimbo ili tundu lilingane na bolti, ujue kuna kosa. Rudi nyuma utafute kosa hilo.

7. Sasa kaza kila nati kwa kipimo cha kwenye karatasi. Nati za yubolti zikazwe kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, ili zilingane. Ukimaliza, piga alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho jirani. Siku alama hiyo itakapoachana, utajua nati imeanza kulegea.

8. Nyanyua upande mmoja wa nyuma, kisha wa pili, ukitazama fimbo inavyotembea kuanzia juu hadi chini. Isiguse bomba, mpira wa breki wala tairi.

BAADA YA KUFUNGA

Jaribu gari likiwa tupu, polepole, mahali pasipo na watu. Sikiliza. Mlio wa kugonga maana yake kuna kitu kimelegea au kinagusa; mlio wa kukwaruza mara nyingi ni bushi kavu. Baada ya kilomita 100 hivi, kaza nati zote tena. Kisha zikague kila unapobadilisha oili.

Dereva naye ajifunze upya gari lake. Stabilaiza ya nyuma huongeza mzigo unaolielemea tairi la nje la nyuma katika kona. Kwenye lami kavu huenda asione tofauti. Kwenye murami uliolowa, mkia wa gari unaweza kuteleza mapema kuliko zamani. Na katika njia za shamba zenye mitaro, gurudumu moja linaweza kunyanyuka na kukosa ardhi, kwa kuwa fimbo inalizuia kushuka.

CHUMA HIKI HAKIONGEZI TANI

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Wako watu wanaoamini kwamba gari likishafungwa stabilaiza linaweza kubeba zaidi. Imani hiyo inaua.

Tuchukue mfano. Tuseme pikapu tupu ina kilo 1,700, na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 65 kutoka ardhini. Wapande watu 10 wenye kilo 60 kila mmoja, nao wasimame. Ikiwa sakafu ya bodi iko sentimita 80 juu, na kitovu cha mtu aliyesimama kiko kama mita 1 juu ya nyayo zake, basi kilo 600 zimewekwa mita 1.8 juu ya ardhi. Piga hesabu: kitovu cha uzito wote kinapanda hadi sentimita 95. Maana yake ni kwamba nguvu ya ubavuni inayotosha kulipindua gari hilo imepungua kwa karibu theluthi moja. Watu hao wakikaa sakafuni, kitovu kinashuka hadi karibu sentimita 77.

Stabilaiza haishushi kitovu hicho hata kwa sentimita moja. Wala haigusi springi, ekseli, matairi na breki, ambavyo ndivyo vinavyopimiwa mzigo. Kinachobadilika ni jinsi dereva anavyohisi. Zamani kulala kwa bodi kulikuwa kunamwonya apunguze mwendo. Sasa bodi imetulia, onyo limeondoka, lakini hatari iko palepale. Dereva akitoka kilomita 40 kwa saa hadi 60 katika kona ileile, nguvu inayolisukuma gari nje ya kona huongezeka zaidi ya mara mbili.

KAMA GARI NI LA MWAJIRI

Yote tuliyoyaeleza ni kwa gari lako mwenyewe, na hata hapo uiarifu kampuni ya bima. Gari la mwajiri ni jambo jingine. Dereva asifunge chuma chochote bila idhini ya maandishi, wala asitoe pesa mfukoni mwake kulifanya gari la kampuni liwe salama. Hiyo ni kazi ya mwajiri. Dereva aandike kasoro katika daftari la gari, tarehe na saa, abaki na nakala, na apeleke habari kwa mwakilishi wa chama na kamati ya usalama. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati hiyo iwepo mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi.

Kadhalika, Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani, katika ibara ya 13, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa katika kazi ambayo ana sababu za haki za kuamini kuwa inahatarisha maisha yake papo hapo. Mkataba Na. 184 wa mwaka 2001 unatoa haki ya namna hiyo kwa wafanyakazi wa kilimo. Nchi zilizoiridhia mikataba hii zimejifunga kuitekeleza.

Kwa hiyo siku msimamizi atakaposema, "Pandeni wote, gari limefungwa chuma kipya," jibu liwe tayari. Chuma kipya ni kwa ajili ya kona. Watu wanahitaji gari lenye viti, idadi inayoruhusiwa, na dereva asiyekimbizwa na saa. Wawakilishi wa matawi, ulizeni wiki hii: magari yanayotubeba yalikaguliwa lini, na nani alitia sahihi?