Mashine ya Posho na Vigogo Vitano

Paukwa! Pakawa!

Hapo Njoro palikuwa na mashine ya posho iliyotakiwa kuhamia kibanda kipya, hatua 30 juu ya kilima kidogo. Vijana sita waliisukuma hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Haikujongea.

"Tumwage maji iteleze," akasema mmoja. Wakamwaga. Walioteleza ni wao. Mashine ikazama topeni.

Akaja babu mmoja aliyewahi kuwa fundi wa reli.

"Wajukuu zangu, sugueni viganja. Mwasikia joto? Huo ndio msuguano. Kila kitu, hata kionekane laini vipi, kina vinundu vidogo. Mzigo ukikalia ardhi, vinundu vinang'ang'aniana, na uzito ukizidi vinabanana zaidi. Mkiburuta mnapigana navyo vyote. Kitu cha mviringo hakikwaruzi: panapogusa chini huinuka, mahali pengine pakashuka."

Wakatandika mbao mbili, wakainua mashine kwa mtaimbo, wakapenyeza chini yake vigogo vitano vya mkaratusi. Kigogo kilichobaki nyuma kilikimbizwa mbele, na mtoto mmoja akafuata na kabari ili mzigo usirudi.

"Na miguu yetu, babu? Bado inateleza."

"Hapo msuguano tunautaka. Mwageni mchanga mnapokanyaga."

Mashine ikapanda, polepole, bila kishindo.

Walipopumzika, babu akanyoosha kidole kuelekea relini. "Reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei sana, ndiyo maana kichwa kimoja huvuta mabehewa mengi. Lakini kupanda kutoka hapa kwenda Mau, reli ikilowa, magurudumu huzunguka bure. Dereva hufanyaje? Hufungulia mchanga udondoke mbele ya magurudumu, yapate kushika. Mchanga kama huu wenu."

Jioni, kabla ya kuwasha mashine, babu alipaka beringi grisi. Kisha akachukua kitambaa, akaufuta mkanda wa mashine tope na maji mpaka ukakauka kabisa.

Yule mtoto wa kabari alitazama mkono wa babu, akaruka kwa furaha.

"Nimejua! Beringi iteleze, mkanda ushike!"

Babu akampa yeye heshima ya kumimina debe la kwanza la mahindi.