Mvua ya Mawe Haitumwi na Jirani



Mvua ya mawe ikipita Songambele huacha kilio. Maharage yaliyokuwa yanatoa maua hulala chini. Majani ya migomba huchanika, na buni changa hudondoka. Lakini kinachouma zaidi ni maneno yanayofuata. Shamba la huyu limepigwa, la jirani yake limepona. Basi watu huanza kunong'ona: "Yule anajua kitu." Ujirani wa miaka mingi huvunjika kwa sababu ya barafu. Leo tutaeleza barafu hiyo hutokeaje, na chumvi inahusika vipi.

Maji hutafuta pa kuanzia

Wengi tunajua kwamba maji huganda kwenye digrii 0. Lakini tone dogo la wingu ni jambo jingine. Tone la maji safi kabisa, lisilo na hata chembe ya vumbi, laweza kubaki maji mpaka baridi ifike karibu digrii 38 chini ya sifuri. Kwa nini? Ili yawe barafu, maji lazima yajipange kwa mpango wake, na kuanza mpango huo peke yake ni kazi ngumu.

Mmeona nyuki wanapohama. Huzunguka hewani mpaka wapate tawi. Wa kwanza wakitua, wengine hufuata. Kwa maji, tawi hilo ni chembe ndogo: vumbi la udongo, au vijidudu vinavyotoka kwenye majani. Kuna madini yaitwayo felspa, yaliyomo katika mawe mengi. Vumbi lake ni tawi zuri sana.

Wenzetu wa Kericho, nchini Kenya, hupigwa na mvua ya mawe mara nyingi mno. Mwaka 1982 wataalamu walichapisha habari kwamba majani ya chai yaliyooza mashambani humo yana chembe zinazoanzisha barafu. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, ndege zilitumwa mawinguni na dawa yenye madini ya fedha. Nia ilikuwa kuongeza chembe, ili maji yagawanyike katika punje nyingi ndogo badala ya mawe makubwa. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana kama njia hiyo inafaa.

Kazi mbili za chumvi

Fanyeni jaribio hili. Chukueni chupa mbili za plastiki, mtie maji, lakini msizijaze, maana maji yakiganda hutanuka. Moja itieni vijiko viwili vya chumvi, mkoroge. Mwombeni mwenye duka aziweke katika friza yake. Ile ya chumvi itachelewa kuganda. Chumvi huingia kati ya maji na kuyazuia yasijipange. Ndiyo maana maji ya bahari huganda karibu digrii 2 chini ya sifuri. Hiyo ni kazi ya kwanza.

Kazi ya pili ni ya ajabu. Chumvi hugusa pia ile chembe yenyewe. Chumvi ya mezani, hata ikiwa kidogo, huweza kuiharibu felspa isiwe tawi zuri tena. Lakini chumvi za amonia hufanya kinyume: felspa ikiwa ndani ya maji yenye amonia kidogo, maji huganda mapema zaidi. Amonia ni ile iliyomo katika mbolea ya S.A., na pia hutoka kwenye samadi.

Hapa tuelewane. Hatusemi kwamba mwenye kutia mbolea anaita mvua ya mawe. Wingu hukusanya vumbi na hewa kutoka mbali sana. Wala msimwage chumvi shambani kama kinga. Haifiki mawinguni, na udongo utaharibika.

Kwa nini shamba moja tu?

Ndani ya wingu kubwa la radi, upepo hupanda kwa nguvu na kuinua punje za barafu. Matone ya baridi hugandia juu yake, nazo hukua. Zikiwa nzito, upepo hushindwa, nazo huanguka. Sehemu hiyo ya wingu ni nyembamba, na wingu lenyewe linatembea. Kwa hiyo mawe huanguka katika ukanda, kama njia waliyopita ng'ombe katika nyasi. Aliye ndani ya njia hupigwa. Aliye pembeni hupona. Nasi tunakaa kwenye vilima, karibu zaidi na baridi ya juu, kwa hiyo mawe hayapati muda mrefu wa kuyeyuka.

Tufanye nini?

Tusipande maharage yote mahali pamoja, kama tuna vipande viwili vya shamba. Tukipigwa, tusikimbilie kung'oa. Tungoje siku chache tuone mimea ipi inachipua. Tukipunguza majani ya migomba yaliyochanika, panga lipitishwe motoni kabla ya kwenda shina jingine, tusije tukaeneza mnyauko. Na aliyepona amsaidie aliyepigwa mbegu, badala ya kusemwa.

Maswali ya kuzungumza
1. Tone la maji safi huchelewa kuganda kwa nini?
2. Chumvi hufanya kazi gani mbili?
3. Tutamjibu nini anayemshitaki jirani yake kwa mvua ya mawe?