Umeme katika Shule ya Msingi (Sehemu ya Pili): Glopu Haimalizi Mkondo

Wiki iliyopita tuliishia ndani ya betri ya tochi: kopo la zinki ambalo ndilo upande hasi, kijiti cha kaboni katikati ambacho ndicho upande chanya, na rojo la kemikali lililojaa kati yake. Leo tunaitoa betri mkononi mwa mwalimu na kumkabidhi mtoto.

Mpe mtoto wa darasa la nne betri moja, glopu moja ndogo ya tochi na kipande cha waya wa shaba chenye urefu wa shubiri moja, kilichochunwa ganda ncha zote mbili. Mwambie awashe glopu, kisha mwalimu ukae kimya. Usichore kitu ubaoni.

Wengi huanza kwa kuisimamisha glopu juu ya kichwa cha betri. Haiwaki. Halafu huchukua waya, ncha moja wakaigusisha betri na nyingine kitako cha glopu, wakaishia hapo. Haiwaki. Mtoto atakandamiza zaidi, ataifuta glopu kwenye shati, atamwambia jirani yake kwamba betri imekufa. Mwingine atashauri ianikwe juani kwanza, kama nyumbani wanavyofanya betri za redio zikichoka. Na katika kila darasa hatakosekana mmoja atakayezigusisha ncha zote mbili za waya kwenye betri yenyewe, juu na chini, mara auachie kwa sababu umepata moto. Huyo amekutana na shoti kwa vidole vyake, na amejifunza jambo ambalo mchoro wa kitabuni usingemfundisha: njia ikikamilika kuna kitu kinapita, hata kama hakionekani.

Wale waliotumia njia moja tu ya waya wasidharauliwe. Wanasema walichokiona. Kutoka darini hadi kwenye taa ya sebuleni hushuka waya mmoja. Kutoka kwenye soketi hadi kwenye simu huenda waya mmoja. Hakuna aliyewahi kuwachania ganda la nje wakaona kwamba ndani yake zimelala nyaya mbili au tatu, kila moja na koti lake. Mwalimu akipata kipande cha waya wa pasi iliyokufa, kilichokatwa kabisa na kutengwa na umeme, achane ganda lake mbele ya darasa. Dakika mbili hizo zitamwokoa na maelezo ya wiki nzima.

Tena si tatizo la watoto peke yao. Mwaka 1997 huko Marekani ilitolewa filamu ya elimu iitwayo Minds of Our Own. Humo wahitimu wa MIT, chuo kinachosifika duniani kwa sayansi na uhandisi, wanapewa betri, glopu na waya siku ya mahafali yao na kuambiwa waiwashe. Baadhi yao wanashindwa. Walikuwa wamekokotoa sakiti ngumu kwa miaka kadhaa, lakini hawakuwahi kuitazama glopu.

Basi tuitazame. Chukua glopu ya nyuzi, iliyoungua au nzima, uisogeze kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya kioo zimesimama nguzo mbili nyembamba, na kati yake umetandazwa uzi wa metali ya tangsteni mwembamba kuliko unywele. Uzi huo ukipitiwa na mkondo hupata joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na kwa joto hilo ndipo unapotoa mwanga. Sasa shuka chini kwa jicho. Nguzo moja huishia kwenye nukta ya risasi iliyo chini kabisa kitakoni. Ya pili haifiki huko: huishia ubavuni, kwenye mkanda wa chuma wenye hesi. Kati ya nukta na mkanda kuna duara la kihami, mara nyingi jeusi, linalozuia viwili hivyo visigusane. Kumbe glopu ina milango miwili, na anayeigusa kitako tu amebisha hodi kwenye mmoja.

Mtoto akishaiona milango miwili, glopu itawaka. Mwalimu asiridhike hapo. Aulize: kuna namna nyingine? Kwa betri moja, glopu moja na waya mmoja zipo namna nne. Kitako kwenye chanya na waya kutoka ubavuni hadi hasi. Ubavu kwenye chanya na waya kutoka kitakoni hadi hasi. Kisha geuza betri, urudie zote mbili. Watoto wakizipata zote wenyewe, ndipo wachore, zilizowaka na zisizowaka, na waseme zilizowaka zina nini ambacho zile nyingine hazina. Maana ya sakiti itatoka vinywani mwao: njia inatoka betri, inapita ndani ya glopu, inarudi betri, bila kukatika. Ninalolishikilia katika makala hizi ni hili: mchoro uje baada ya mikono. Ukitangulia, mtoto huukariri kama ramani ya mji ambao hajawahi kuutembea, akaujibia mtihani wa darasa la saba, kisha akausahau.

Zoezi hili si geni. Lilikuwa mlango wa somo la betri na glopu lililoandaliwa Marekani miaka ya 1960 na mradi wa Elementary Science Study. Watu wa mradi huo na taasisi iliyoulea walihusika pia na Programu ya Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, iliyofika Tanzania, Kenya na Uganda katika muongo huohuo. Eleanor Duckworth, aliyekuwa mwanafunzi wa Jean Piaget, alikwenda Kenya kuipima programu hiyo. Badala ya kuwapa watoto mtihani wa maandishi, aliwawekea vifaa mezani, akawaacha bila maelekezo, akaangalia wanavitumiaje. Waliopitia programu walifanya mambo mengi zaidi na yenye kina zaidi kuliko wenzao. Kwetu Tanzania, Mholanzi Jos Elstgeest alikuwa akifundisha walimu Morogoro. Baadaye, katika kitabu alichohariri Wynne Harlen mwaka 1985, aliandika sura kuhusu kuuliza swali linalofaa kwa wakati unaofaa. Alitaka mwalimu aanze na maswali ambayo mtoto anaweza kuyajibu kwa kutazama, kuhesabu, kulinganisha au kujaribu. Lile la "kwa nini" lisubiri. Laiti sura hiyo ingekuwa katika kila chuo chetu cha ualimu.

Tuje sasa kwenye ugumu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Roger Osborne wa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, aliwauliza watoto mkondo unakwendaje katika sakiti yenye betri na glopu. Alikuta mawazo manne. Wengine walisema waya mmoja ndio unaofanya kazi, wa pili haupitishi kitu. Wengine walisema umeme hutoka pande zote mbili za betri, ukakutana ndani ya glopu na kugongana, na mwanga ni matokeo ya kugongana huko. Wengine walisema mkondo huzunguka, lakini glopu huula sehemu yake, hivyo unaorudi ni mdogo. Waliobaki walisema mkondo ni uleule kabla ya glopu na baada yake. Hili la mwisho ndilo sahihi.

Wazo la tatu ndilo sugu kuliko yote, na kwa watoto wetu lina mizizi mirefu zaidi. Mtoto anamwona mama akinunua umeme wa LUKU, anaona uniti zinapungua, usiku mmoja taa zinazimika. Utamwambiaje kwamba umeme haumalizwi? Jibu la haki ni kwamba yuko sahihi kwa nusu. Kinachopungua ni nishati, na uniti za LUKU hupima nishati. Mkondo ni jambo lingine: ni mwendo wa chembe ndogo ziitwazo elektroni, ambazo zimo tayari ndani ya waya wote na ndani ya uzi wa glopu. Zinazoingia kwenye glopu na zinazotoka ni sawasawa.

Mnyororo wa baiskeli husaidia hapa. Pedali inausukuma, gurudumu la nyuma linapokea kazi, lakini hakuna pingili inayoliwa: zinazofika nyuma ndizo zinazorudi mbele. Tena mnyororo hujongea wote kwa pamoja, na sakiti ni hivyo hivyo. Katika waya wa tochi elektroni moja hutambaa polepole mno, pengine sehemu ya kumi ya milimita kwa sekunde, kiasi kwamba mita moja ingeichukua zaidi ya saa mbili. Hata hivyo taa huwaka papo hapo, kwa kuwa zote zimeanza kusogea kwa wakati mmoja.

Kwa shule isiyo na mita ya kupimia mkondo, uthibitisho upo. Unga glopu mbili zinazofanana kwa mfuatano, moja baada ya nyingine kwenye njia moja, kwa betri mbili. Kabla ya kufunga sakiti, kila mtoto atabiri na kuandika: ipi itawaka zaidi? Walio na wazo la tatu watachagua ya kwanza. Funga. Zinawaka sawa.

Hapa mwalimu awe mwangalifu sana. Glopu zikiwa za aina tofauti, moja itawaka zaidi ya nyingine, na mtoto ataondoka na uthibitisho wa kosa lake. Dawa ni kuzibadilishana nafasi. Iliyofifia ikiendelea kufifia hata ilipohamia upande wa pili, basi tofauti iko kwenye glopu, haiko kwenye nafasi. Na jaribio hili lirudiwe wiki kadhaa baadaye. Colin Gauld aliandika mwaka 1986 kuhusu wanafunzi waliokwisha kuona kwa macho yao mita zikionyesha mkondo ulio sawa pande zote mbili. Walipohojiwa miezi kadhaa baadaye, wapo waliosimulia kwamba mita zilitofautiana. Wazo la zamani lilikuwa limeigeuza kumbukumbu.

Kuhusu vifaa, glopu za nyuzi zinaadimika, tochi za sasa zina taa za LED. Zinafaa, ila LED nyeupe huhitaji takriban volti 3, yaani betri mbili, na huwaka upande mmoja tu: mguu mrefu uelekee chanya. Uzuri wake ni kwamba miguu yote miwili inaonekana wazi. Ukiweza kupata glopu za nyuzi, anza nazo. Darasa la watoto 80 lahitaji seti 20, moja kwa kila watoto wanne, na waya unaweza kutoka kwenye mabaki ya fundi umeme wa jirani.

Betri ziwe za tochi pekee, volti 1.5 kila moja. Betri za simu na za kompyuta zikipigwa shoti huweza kulipuka moto. Betri ya gari au ya sola, ijapokuwa ni volti 12, hutoa mkondo mkubwa wa kutosha kuufanya waya uwe mwekundu mkononi mwa mtoto. Soketi ya ukutani ina volti 230, zaidi ya mara 150 ya betri ya tochi, na inaua. Mtoto aliyefurahia kuwasha glopu leo asubuhi atatamani kujaribu nyumbani jioni, kwa hiyo onyo hili litolewe siku hiyohiyo, kabla kengele ya kutoka haijalia.

Wiki ijayo tutaziunga glopu mbili sambamba, kila moja na njia yake, na kuona kwa nini taa ya chumbani hubaki inawaka hata ya sebuleni ikiungua.