Alama za Cheni ya Taimingi

Ndugu Wanachama,

Gari likikatika cheni ya injini katikati ya msimu, karafuu mbichi hubaki shambani zimerundikwa, huchemka, na huharibika kabla hazijaanikwa. Kwa hiyo yafaa kila mwenye gari ajue namna cheni mpya inavyofungwa, japo kazi yenyewe ataifanya fundi.

Cheni hiyo huunganisha gia mbili: ndogo ya kranki, inayosukumwa na pistoni, na kubwa ya kemshafti, inayofungua valvu. Kubwa ina meno mara mbili ya ndogo. Kranki ikizunguka mara 2, kemshafti huzunguka mara 1.

Kwanza, pistoni nambari 1 iwekwe juu kabisa. Pili, alama za gia zilinganishwe kama kitabu cha injini hiyo kinavyoonyesha, na pingili za cheni zenye rangi zikae penye alama hizo. Tatu, upande usio na kikaza cheni usilegee. Nne, kranki izungushwe kwa spana, polepole, mizunguko 2 kamili, kufuata upande injini inakozunguka. Ikigoma njiani, isilazimishwe. Alama za gia zikirudi mahali pake, kazi ni sahihi. Pingili za rangi hazitarudi pamoja nazo, na hilo si kosa.

Jino 1 likikosewa, injini hukosa nguvu. Yakizidi, katika injini nyingi valvu hugonga pistoni na kupinda. Kanuni ni moja, gari liwe Wete au Ilembo kule Mpanda. Basi mwanachama asikubali stata ipigwe kabla ya mizunguko hiyo 2.

Katibu