Diwani Mbele ya Madiwani Wenzake – Sehemu ya Pili: Kusema na Kupiga Kura

Kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani, Waswahili husema, wakihofia upendeleo. Baraza la madiwani linapomhukumu mmoja wao, ipo hofu ya pili isiyosemwa sana, nayo ni kisasi. Anayekaa leo kwenye kiti cha hakimu huenda juzi alishindwa kura na huyo huyo mshtakiwa. Mfano wa Toronto, Kanada, unafaa kuangaliwa kwa makini, maana pale mshtakiwa alikosea, na baraza nalo likakosea.

Mwaka 2010 Rob Ford alikuwa bado diwani. Alikuwa na mfuko wa hisani wa kusaidia timu za mpira wa Kimarekani za shule za sekondari, akaomba michango kwa barua zilizoandikwa kwenye karatasi rasmi za baraza. Baadhi ya waliochanga walikuwa watu wanaolipwa ili kuwashawishi madiwani. Dola 3,150 zilitoka kwa hao na kwa kampuni moja iliyofanya biashara na jiji. Kamishna wa maadili, Janet Leiper, akaona kosa liko wazi: mtu mwenye shida yake barazani hawezi kumkatalia diwani kwa moyo huru, hata mchango ukiwa wa watoto. Agosti mwaka huo baraza likaipokea ripoti yake na kumwagiza Ford azirudishe fedha hizo. Oktoba wananchi wakamchagua kuwa meya. Alikumbushwa mara sita, hakulipa.

Tarehe 7 Februari 2012 jambo hilo likarudi kikaoni. Ford alisimama akajitetea. Kisha ikaletwa hoja ya kulifuta agizo la kulipa, naye akapiga kura. Hoja ikapita.

Hapo yalitendeka mambo mawili ambayo hayafanani hata kidogo. Kujieleza ni haki ya kila anayetuhumiwa. Hata mwizi wa kuku huulizwa ana neno gani kabla ya kuamuliwa. Kupiga kura ni kazi ya hakimu, na mtuhumiwa akiishika kazi hiyo amejihukumu mwenyewe. Lakini sheria ya mgongano wa maslahi ya Ontario, jimbo lenye jiji la Toronto, iliyafunga yote mawili katika fundo moja: mwenye maslahi ya fedha asiseme na asipige kura. Ilimzuia asijihukumu, na papo hapo ikamziba mdomo.

Mkazi mmoja akaenda mahakamani. Novemba 2012 Jaji Charles Hackland akaamua kwamba Ford apoteze kiti. Hakuficha kwamba adhabu hiyo aliiona butu, kwani sheria haikumpa nyingine iliyo ndogo zaidi. Januari 2013 mahakama iliyosikiliza rufaa ikaitengua hukumu hiyo kwa hoja iliyoligeukia baraza lenyewe: sheria ya jiji iliruhusu adhabu mbili tu, karipio au kusimamishiwa malipo kwa muda usiozidi siku 90. Kumlipisha diwani hakumo. Agizo la 2010 lilikuwa batili, kwa hiyo hapakuwa na deni la kumpa maslahi yoyote katika kura ile.

Mtu anaweza kuudhika kwamba Ford aliponea hapo. Hata hivyo majaji walisimama mahali pa haki, kwa kuwa baraza linalojitungia adhabu kwa diwani asiyependwa leo litamtungia nyingine mwenzake kesho. Vivyo hivyo kule Ledbury, mji mdogo wa Uingereza, baraza lilimzuia diwani kukaa kwenye kamati na kuwasiliana na watumishi, likitumia utaratibu wa malalamiko ya wafanyakazi badala ya ule wa kanuni za maadili uliowekwa na sheria ya 2011. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaufuta uamuzi huo.

Ontario ilichukua miaka kadhaa kulifungua fundo lile. Tangu Machi 1, 2019, baraza likijadili kumsimamishia diwani malipo baada ya ripoti ya kamishna wa maadili, diwani huyo anaruhusiwa kusema na kuwashawishi wenzake. Kura haruhusiwi. Jaji naye sasa anaweza kutoa karipio au kusimamisha malipo kabla ya kufikia kumvua mtu kiti.