Ujumuishi wa Watumishi na Ubora wa Huduma katika Wodi za Tanga

Ujumuishi mahali pa kazi ni hali ambayo mtumishi wa kada, jinsia, dini au asili yoyote husikilizwa katika maamuzi yanayogusa kazi yake, nao hutofautiana na mchanganyiko wa watumishi, yaani wingi wa asili na sifa unaoonekana kwenye orodha ya majina. Mchanganyiko si haba mkoani Tanga, kwa kuwa ajira za serikali hutangazwa kwa nchi nzima, na mkunga mzaliwa wa Kagera anaweza kupangiwa zahanati ya Mkinga, miongoni mwa Wadigo, akiwa chini ya mganga mfawidhi Msambaa.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ujauzito na ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Ni sheria za haki kabisa, ila zinamfikisha mtumishi kazini tu; kusikilizwa kwake akishafika hutegemea uongozi wa kituo.

Uzito wa jambo hilo ulionekana katika mradi wa Staha, uliofanywa na Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani katika wilaya za Korogwe na Muheza. Watafiti waliwahoji akina mama waliojifungua katika vituo vya afya, na asilimia 19 walisema walipokuwa wakiruhusiwa kwamba walitukanwa, walitelekezwa au walidhalilishwa kwa namna nyingine. Baadhi yao walipohojiwa tena majumbani wiki kadhaa baadaye, kiwango kikafika asilimia 28. Mama aliyenyamaza mbele ya lango la kituo alisema akiwa kwake, na watumishi wa ngazi za chini hunyamaza vivyo hivyo mbele ya wakubwa wao.

Hatua iliyofuata haikuwa waraka kutoka juu. Wanajamii na watumishi walikubaliana juu ya mkataba wa huduma kwa mteja, yaani tamko la haki na wajibu wa pande zote mbili, kisha watumishi wa wilaya moja wakapewa nafasi ya kuchagua marekebisho yao wenyewe: mapazia ya kumsitiri mama, chumba cha faragha cha kumpokelea, tangazo la wazi la dawa na vifaa vilivyokwisha, na chai kwa waliokuwa zamu. Chai hiyo isidharauliwe, kwani mkunga aliyekesha na njaa hawezi kudaiwa upole bila yeye mwenyewe kutendewa upole. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha kwamba, ikilinganishwa na wilaya ya pili, uwiano wa uwezekano wa mama kudhalilishwa ulipungua kwa asilimia 66.

Mradi huo ulilenga heshima kwa wazazi, lakini njia yake ilikuwa ujumuishi wa watumishi. Sababu ya ujumuishi kuboresha huduma inafafanuliwa na Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechunguza timu za wauguzi nchini Marekani katika miaka ya 1990 na kukuta kwamba timu zilizoongozwa vizuri ziliripoti makosa mengi zaidi ya dawa, kwa kuwa wauguzi wake hawakuogopa kuyasema. Hali hiyo huitwa usalama wa kisaikolojia, yaani imani ya mtumishi kwamba hataadhibiwa wala kuaibishwa kwa kuuliza au kukiri kosa. Palipo na imani hiyo, kosa hurekebishwa kabla halijamdhuru mgonjwa.

Kwa hiyo mganga mfawidhi wa Pangani au Muheza hana haja ya kungoja bajeti mpya. Na apange zamu za Ramadhani pamoja na wanaofunga na wasiofunga, amwite mhudumu anayejua Kidigo kwenye kikao kinachojadili kwa nini bibi mgonjwa hakurudi kliniki, na katika kila kikao amwombe mtumishi wa cheo cha chini kabisa aanze kusema.